Kaseti ya Severine

Paskasi alirudi Babati bila gitaa, na sisi watu wa mtaa wa Singe tukapata cha kuzungumza. Wote tulijua alikuwa mpiga solo wa bendi ya kiwanda cha masufuria kule Arusha. Mtu akirudi mikono mitupu, ama kaiba ama kagusa mke wa meneja. Mimi nilikuwa upande wa mke wa meneja. Kumbe ukweli ulikuwa mkavu tu: kiwanda kilikosa malighafi, mashine zikakosa spea, bendi ikavunjwa. Gitaa lilikuwa mali ya kiwanda. Alilikabidhi stoo, akapewa sufuria mbili za kumuaga.

Alichobaki nacho ni kaseti. Bendi ilijirekodi siku moja kwenye bwalo la kiwanda, kaseti hiyo hiyo moja. Upande wa kwanza anaimba Severine, kijana wetu wa hapa hapa. Upande wa pili hakuna mwimbaji, ni gitaa la Paskasi mwanzo mwisho. Severine alikufa kwa malaria, wakati klorokwini inatafutwa kama sukari. Kwa hiyo kaseti Paskasi alimpa mama yake marehemu.

Mama Severine aliuza pombe ya mtama, na nyumba yake haikujua kuwa tupu. Betri za redio alizianika juani kama mahindi ili zipate nguvu kidogo. Mwanawe akianza kuimba, marufuku kuongea. Hata mimi nilinyamaza, na wanaonijua wanajua huo ni mtihani.

Paskasi akapata kibarua cha kulinda jenereta kwa Wolfgang, Mjerumani wa mradi wa pampu za maji. Ofisini kwake mlikuwa na kompyuta, kitu kama taipureta kilichounganishwa na televisheni ndogo. Paskasi akaiganda kama kupe. Wolfgang akamfundisha kuipa amri, na kufikia mwisho wa masika alikuwa ametunga mchezo wake mwenyewe: lori la mahindi linatoka Babati kwenda Arusha. Unaliendesha kwa vidole. Ukifika mji wa Magugu kuna tope, kwenye kizuizi cha barabarani unasimamishwa, tairi linapasuka, dizeli inakwisha. Jumapili baada ya misa watu walipanga foleni dirishani.

"Paskasi, hili lori linafika lini?" aliuliza Teodori, ambaye ni dereva wa lori la kweli.

"Likipata dizeli."

"Basi hujatunga mchezo, bwana. Umenipiga picha."

Tulicheka mpaka Wolfgang akatoka kuona kuna nini. Naye alikuwa ameupenda. Mkataba wake ulipokaribia kwisha alimwambia Paskasi: "Kwetu kuna kampuni inanunua michezo. Mimi napeleka. Wakipenda, wanaweka jina lako, wanakuita kazini." Lakini kompyuta ile ilihifadhi kazi zake kwenye kaseti kama hizi za muziki, na yenyewe na kaseti zake zote zilikuwa mali ya mradi, zinahamia Dodoma. Mchezo ungesafiri tu kama Paskasi angepata kaseti yake ya kuuhifadhia.

Akaenda dukani kwa Mustapha.

"Kaseti tupu?" Mustapha alishangaa. "Ndugu yangu, mimi kiberiti nauza njiti moja moja!"

Ndipo akaja kwa Mama Severine, nyumba imejaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, mbona unasimama kama mdai?"

Akamweleza. Mama alisikiliza huku akisuuza vibuyu. "Unataka kumfuta mwanangu?"

"Hapana mama! Upande wa pili. Ule wa gitaa langu. Najifuta mwenyewe."

"Severine haguswi?"

"Haguswi."

"Mpe, Mama Severine!" Bernadina alipaza sauti kutoka kwenye benchi. "Babati itajulikana Ulaya!" Na benchi zima likaitikia. Mama akaitoa kaseti kwenye redio, akaifuta kwa kanga, akampa.

Paskasi na Wolfgang walirekodi kesho yake, wakaja nayo kwa Mama Severine. Tulisikilizishwa kwenye redio yake: mlio kama nguruwe anachinjwa, gitaa lote limekwenda. Mama akanyoosha mkono apewe kaseti yake, lakini Paskasi akaishikilia.

"Mama, inabidi iende na Wolfgang."

"Tulisema upande mmoja."

"Upande mmoja, ndiyo. Sasa nitaukataje?"

Haki ya Mungu, kati ya watu wote tuliokuwa tumeshauri, hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Wolfgang akaweka mkono kifuani, akaahidi kuirudisha. Gari lilikuwa linanguruma nje. Mama akasema, "Nenda naye basi, Severine," akaingia chumbani.

Nyumba ikapoa. Watu wakahamia pombe ya Sigino, kijiji jirani. Sisi tuliobaki tuliongea kwa sauti ya chini, ingawa hakukuwa tena na wimbo wa kunyamazia.

Baada ya mavuno Sista Xaveria wa misheni alileta bahasha nene. Mama akamtuma mtu amwite Paskasi, akavaa kitenge kizuri, akaweka betri. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua na kaseti tatu mpya, zimefungwa kwa nailoni, zinang'aa.

"Wolfgang anasalimu," Sista alisema akiisoma barua. "Kampuni imeukataa mchezo. Wamesema hauna mshindi, nani atanunua. Na kaseti yenu ilikuwa imechakaa, ameitupa. Amewatumia hizi nzuri zaidi."

Mama alichana nailoni kwa meno, akaweka ya kwanza. Ikalia shshsh. Akaigeuza. Shshsh. Akaweka ya pili, ya tatu, zote pande zote mbili, na hakuna aliyethubutu kuinuka. Mwishowe akaitoa, akamwekea Paskasi kiganjani.

"Wewe si fundi?" alisema. "Haya, mtoe mwanangu humo."