Kesi ya Mbao Tatu

Kiwanja cha mzee Mutuku pale Gatitu kilikuwa na mteremko mkali, hata kwa miaka minane, tangu astaafu polisi, alikuwa akinywa chai yake ya jioni ameegemea kushoto. Alikiwekea kiti jiwe, jiwe likazama. Akaweka mawili, yakazama yote mawili. Mkewe Nduku alizoea kuongea naye akiwa amelaza shingo kidogo ili macho yao yalingane.

Ndiyo maana siku Mutuku alipotangaza kwamba atajengewa baraza ya mbao nyuma ya nyumba, iliyoinuliwa juu ya nguzo na kunyooka kama meza, Nduku alimshukuru Mungu kwa sauti. Alishukuru mapema.

Fundi aliyepatikana alikuwa Watiri, jirani wa ng'ambo ya barabara, msichana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa akisoma useremala darasa la jioni katika chuo kimoja mjini. Alifika na mtoto wake mgongoni, Wakiuru, wa mwaka mmoja na miezi miwili, ambaye aliamini kila msumari ni chakula. Hii ilikuwa kazi ya kwanza ya Watiri kwa jina lake mwenyewe, na tena haikuwa kazi tu. Tarehe ishirini na nane mtahini angepita kukagua kile ambacho kila mwanafunzi amemjengea mteja wa kweli. Asiye na kitu cha kuonyesha angengoja mwaka mwingine. Watiri alikuwa ameshangoja mmoja, ule wa kumzaa Wakiuru, na hakuujutia hata siku moja. Lakini cheti alikitaka sasa, kabla mtoto hajajua kuuliza mama anafanya kazi gani.

Siku sita zingemtosha kujenga. Kilichobaki ni mzee kuchagua mbao.

"Mimi sichagui, fundi," Mutuku alimwambia. "Mimi nachunguza."

Basi tarehe nne Watiri akamletea vipande vitatu, kila kimoja urefu wa mkono. Cha kwanza kilikuwa cha saipras, kimetoka kupasuliwa, kingali kinanukia. Cha pili mkaratusi uliotiwa dawa ya mchwa. Cha tatu kilikuwa kompositi, yaani vumbi la mbao na plastiki vilivyosagwa na kushindiliwa pamoja hadi vikafanana na mbao, kama mtu anavyofanana na picha yake ya kitambulisho.

Mutuku alivipanga uani, akaviandika namba kwa chaki, akafungua daftari kubwa jeusi. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika: WASHUKIWA.

Kila asubuhi saa kumi na mbili na robo alitoka na koti lake zito, akachuchumaa mbele yao, akaandika. Watiri alipopita kuuliza kama mzee ameamua, alisomewa.

"Tarehe saba. Mshukiwa namba mbili amejipinda upande mmoja. Alipoulizwa, hakujibu. Inaonekana anataka kutoroka."

"Mkaratusi hujipinda ukikauka, afande. Na saipras nayo hunywea kidogo. Kila mbao iko na tabia yake."

"Hunywea?"

"Hupungua. Kidogo tu."

Mutuku akaandika: *Fundi anasema hunywea.*

"Tarehe tisa," aliendelea siku mbili baadaye. "Saa saba mchana, jua kali. Afisa alimkanyaga mshukiwa namba tatu bila viatu. Mshukiwa alimshambulia afisa kwenye unyayo."

"Kompositi hushika joto," Watiri alisema. "Lakini haiozi, haitaki rangi, na mchwa hawaitaki. Ni bei tu."

"Nyayo zangu hazijauliza bei."

Siku zikaenda. Wakiuru akaota jino. Tarehe kumi na tatu Watiri aliota mtahini amefika, akaonyeshwa daftari.

Tarehe kumi na saba alimkuta Nduku peke yake jikoni, anasonga ugali huku mabega yakimtetemeka. Watiri alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Njoo, mama Wakiuru, njoo. Funga mlango. Nikikwambia kitu utaweza kunyamaza?"

"Kitu gani, mama?"

"Ile mbao namba moja niliichoma."

Watiri akakaa juu ya debe.

"Jumapili iliyopita," Nduku alisema. "Mutuku alikuwa kwa mkutano wa wazee wa kanisa. Kuni zimelowa zote, muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, umeiva nusu, na unajua muthokoi ukiachwa nusu. Nikaona hiyo mbao hapo, umande juu, ndani kavu kama biskuti. Iliwaka vizuri, siwezi danganya."

"Lakini mama, namba moja iko hapo nje. Nimeiona saa hii."

"Hiyo ni ya sakafu ya nyumba ya kuku. Niling'oa moja, nikaikata kwa panga, nikaisugua mavi yatoke, nikaandika moja kwa chaki. Mutuku alitoka asubuhi akaiangalia, akaniambia ati, 'Nduku, huyu amezeeka usiku mmoja.' Nikamwambia ni mawazo."

Wakiuru, kwa kuwaona wanacheka, naye akacheka, akionyesha jino lake moja.

"Nyamaza tu," Nduku alisema. "Ukimwambia ataanza upya. Wiki mbili zingine. Namjua huyo mtu. Alipokuwa kazini alichunguza kuku aliyepotea hadi kuku akarudi na vifaranga."

Watiri alipiga hesabu. Wiki mbili zingine zilikuwa zinavuka tarehe ishirini na nane, zinaingia mwezi mwingine. Akanyamaza, akaenda nyumbani, akala, akanyonyesha.

Asubuhi yake aliitwa rasmi. Mutuku alikuwa amevaa tai. Nduku alisimama mlangoni na mwiko, uso mkavu kabisa.

"Uchunguzi umekamilika," Mutuku alisoma. "Mshukiwa namba mbili, amejipinda, hafai. Mshukiwa namba moja, katika muda wa siku kumi na nne amebadilika rangi, amekuwa wa kijivu kama mzee, na kimo chake kimepungua inchi mbili. Hili linaafikiana na ushahidi wa kitaalamu wa fundi Watiri kwamba mbao hunywea. Saipras hafai kabisa. Namba tatu ana hasira, lakini msimamo wake haujabadilika. Afisa atanunua kandambili. Baraza itajengwa kwa kompositi." Akageuza daftari. "Fundi, tia sahihi hapo. Shahidi."

Akampa kalamu.

Kompositi ingekuja imenyooka, bila kupigwa randa. Angeanza kesho kutwa. Angemaliza na siku mbili za kupumua. Nduku kule mlangoni alikuwa anaangalia dari kama mtu anayehesabu misumari yake. Mgongoni Wakiuru alishika nywele za mama yake, akavuta, kama afanyavyo akitaka ageuziwe uso.

Watiri akaweka kalamu chini.

"Afande, huyu namba moja si yule niliyeleta."

Kuku mmoja alipita.

"Yule uliyeleta yuko wapi?"

"Alichomwa."

Mutuku aligeuka polepole.

"Nduku."

"Naam."

"Uko na neno la kusema?"

"Muthokoi uliiva."

"Nauliza kuhusu ubao."

"Ndio hivyo, ubao ukawaka, muthokoi ukaiva. Ulikula sahani mbili, Mutuku. Ukasifu."

Mutuku aliandika hilo. Aliandika kwa muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe. Halafu akafunga daftari.

"Uchunguzi unaanza upya," alisema. "Fundi ataleta saipras mwingine. Siku kumi na nne."

Watiri alihesabu: mtahini angekuwa ameshapita. Lakini alikuwa ameshasema lililokuwa gumu, na lililobaki lilikuwa useremala. Alichuchumaa, akatoa kisu mfukoni, akakwangua ule ubao wa kijivu. Chini ya ganda jembamba ilitoka rangi ya asali, na ile harufu ya saipras ikapanda hadi puani mwa mzee.

"Mama, hii sakafu ya kuku uliijenga lini?"

"Mwaka tuliohamia hapa, miaka minane sasa. Mimi mwenyewe. Nilipaka oili chafu ya gari mara moja, nikasahau."

"Iko chini kwa udongo?"

"Aka! Nilipanga juu ya mawe, na nikaacha nafasi katikati, mavi yaanguke."

Watiri akampa Mutuku ubao. "Hii pia ni saipras, afande. Haikuguswa na udongo, na hewa inapita. Maji yakiingia yanatoka. Mimi nitainua hivyo hivyo, niache nafasi hivyo hivyo, nipake dawa ya mbao badala ya oili, usichafue suruali. Wewe unataka siku kumi na nne. Huyu amekaa chini ya kuku wako miaka minane."

Mutuku aliubonyeza kwa kidole gumba. Aliunusa. Aliugonga kwa goti, goti likaumia.

"Mvua za masika nane," alisema.

"Na za vuli nane," Nduku alisema. "Na kuku."

"Kuku wangapi?"

"Wewe andika wengi."

Alifungua daftari tena. Alifuta neno WASHUKIWA kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: SHAHIDI. Kisha akamwambia Watiri alete saipras, na alete leo.

Baraza ilisimama tarehe ishirini na tano, juu ya nguzo zilizokaa kwenye mawe, nafasi katikati ya mbao zikiwa upana wa kidole kidogo cha Nduku, ambaye alikuja kuzipima mwenyewe. Ubao wa nyumba ya kuku uliwekwa katikati, kwa amri. Jioni hiyo Mutuku alikunywa chai akiwa wima. Alisema kizunguzungu kilimshika.

Tarehe ishirini na nane mtahini alifika, bwana mmoja mwembamba aitwaye Ngatia, mwenye fomu kwenye ubao wa kubania na wanafunzi wengine watano wa kuwaona kabla ya giza. Aliruka juu ya baraza mara mbili. Alipima usawa kwa pimamaji. Aliingiza bisibisi kwenye nafasi. Kisha akaelekeza kidole kwenye ule ubao wa kijivu.

"Huu mzee unafanya nini hapa katikati ya wapya?"

Watiri alifungua mdomo, lakini Mutuku alikuwa ameshainuka kitini, ametoa miwani, amefungua daftari jeusi ukurasa wa kwanza.

"Tarehe nne," alianza. "Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Hali ya hewa, ukungu."

Nduku aliingia ndani kutafuta chai. Wakiuru alikaa juu ya shahidi, akijaribu kuung'ata msumari ambao mama yake alikuwa ameuzamisha vizuri, usionekane hata kichwa.

Mzee alipofika tarehe tisa, pale afisa aliposhambuliwa kwenye unyayo, bwana Ngatia alikuwa ameshajaza fomu yote kwa kusimama, na alikuwa anauliza mteja anatia sahihi wapi.