Gego la Arnannguaq

Kibanda cha vipimo hakiingii chuma. Chenyewe kimepigiliwa misumari ya shaba. Mlangoni unaacha mkanda, funguo, simu, hata sidiria yenye waya. Ndani mna darubini yenye kihisi mgongoni, inayopima nguvu ya sumaku ya Dunia. Huku kwetu kaskazini mwa Greenland nguvu hiyo haitulii, na kipande kidogo tu cha chuma kinaharibu hesabu yote.

Magoti yangu yameichoka kazi hii. Nilitaka aichukue binti yangu, Arnannguaq. Bodil, mhandisi aliyetoka Denmark kuja kumjaribu, alisema kwa mkato, "Vipimo vyenu vilingane leo. La sivyo naleta mtu wangu."

Nikapima mimi. Akapima Arnannguaq. Havikulingana. Akarudia, tofauti ikawa ileile.

"Umevua zipu?"

"Mama, nimebaki na fulana na soksi. Nivue na ngozi?"

"Vua uvivu kwanza."

"Jino linaniuma, na bado unanisema!"

Jino hilo alilililia tangu Jumapili, tulipokula bata wa bahari waliopigwa bunduki na baba yake. Nilimwambia atafunie upande wa pili, aache kudeka.

Bodil alikuwa ameshaanza kuvaa koti. Ndipo nikawaza: mpimaji hubandika jicho kwenye darubini, kwa hiyo shavu lake ndilo lililo jirani na kihisi.

Nikamshika kidevu, nikalisogeza shavu la kulia karibu na kihisi. Namba zikatulia. La kushoto. Zikaruka.

Bodil akalivua koti.

"Toka nje," nikamwambia binti yangu. "Fungua mdomo."

"Mbele ya mgeni?"

"Fungua!"

Nilichokoa kwa kibano. Alipiga ukelele, mbwa wa mtaa mzima wakamjibu. Kati ya gego na ufizi ikatoka chembe ya marisau, zile risasi ndogo za kuwindia ndege, chuma kitupu.

"Baba yako anawinda ndege au anawinda watoto?"

Akatema damu kwenye theluji, akarudi ndani. Mimi sikuthubutu kuingia. Nilisimama nje nikihesabu mbwa.

Bodil akachungulia. "Vimelingana. Ataanza mwezi ujao."

Nilikaa palepale kwenye theluji.

"Mama, bado nadeka?"

"Unadeka. Ila leo ulikuwa na haki. Niinue."

Jioni nilimpa mume wangu sumaku. Hakuna bata anayeingia sufuriani kwangu kabla hajapimwa.