Njaa Isiyoambiwa Mkazamwana

"Kijiji kizima, Dolphine, na hakuna hata mtu mmoja amelala njaa?" Helen, msimamizi wa utafiti wa lishe, alimsukumia simu yenye majibu. "Jeff, mhoji mwenzako hapo ng'ambo ya mto tu, amepata njaa karibu kila boma. Ama unajaza majibu ukiwa umekaa sokoni?"

Kujaza sokoni! Yeye aliyepanda vilima vya Magunga mpaka soli za viatu zikabanduka, mwenye Dholuo yake, lugha ya hapa, aliyeolewa papa hapa! Huyo Jeff Maroa alikuja juzi tu kutoka kwa Wakuria, upande wa Migori, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Dolphine alichoka na watu hawa, alichoka kabisa.

"Niliuliza kila swali vile limeandikwa, madam."

"Basi Jeff atarudia boma moja ukisikia. Majibu yakitofautiana, kazi yako inaishia leo."

Boma la karibu lilikuwa la Phelesia, mama mkwe wake. Jeff aliingia; Dolphine alibaki nje, nyuma ya ukuta wa jikoni, amevimba kwa hasira. Wiki iliyopita alimwuliza mama huyu swali lilelile, naye akacheka: "Chakula iko, nyathina, mtoto wangu. Nani alale njaa na nina kijana anafanya kazi?"

"Mama," Jeff alisoma kama mtu anayesoma risiti, "wiki hii umewahi kulala bila kula?"

"Jana," Phelesia akasema. "Na juzi. Juzi nilikunywa maji, nikafunga tumbo na leso."

"Mbona uliambia yule mwingine hapana?"

"Yule ni bibi ya kijana yangu. Nikimwambia niko na njaa, si ni kama namshtaki? Hata majirani wanamwonea haya, yule ni wa hapa. Wewe utaenda kwenu."

Hasira yote aliyokuwa nayo Dolphine kwa Helen ilikosa pa kwenda. Ikamgeukia mumewe, ikamgeukia yeye mwenyewe. Aliingia bila kubisha hodi. Jeff alimtazama, akatazama simu, akasitasita, kisha akalibonyeza jibu.

Phelesia alishtuka. Mara uso ukamkunjuka.

"Dolphine! Karibu, nyathina, kaa hapo." Alifuta kigoda kwa upindo wa gauni, akainama mekoni, akaanza kupuliza majivu yaliyopoa. "Kaa kidogo. Huwezi kutoka kwangu hivyo bila kula."