Sponji Iliyofuliwa kwa Ajili ya Mgeni

Mgeni alifika Jumanne mchana, siku mbili kabla ya siku yake, na Kavugho hakuwepo nyumbani. Alikuwa sokoni akitafuta mpira mpya wa pampu ya hewa. Mwanamke mwenye viatu vya matope alibisha, akajitambulisha kuwa Madame Julie, mtafiti wa samaki kutoka Kinshasa. Safari ya Alhamisi ilikuwa imefutwa, ndiyo maana ametua uwanja wa ndege wa Bangboka leo.

Tantine Kaswera, dada mdogo wa mama yake Kavugho, alimketisha barazani na kumwomba avumilie kidogo. Katika nyumba alimokulia, kule Butembo, mgeni hakuingia sebuleni kabla haijasafishwa. Alimaliza pipa zima la maji ya mvua kwa sakafu na viti. Kisha akaiona akwariamu ya Kavugho, tangi la kioo la samaki, pale pembeni, na ndani yake sponji ya kuchujia maji, ya kahawia, yenye utelezi, mbele kabisa ya macho ya mgeni.

Kavugho aliporudi, Madame Julie alikuwa akimalizia lituma ya ndizi na mboga ya pondu. Wakazungumza kwa nusu saa, na moyo wa Kavugho ukapaa. Mgeni alikuwa na nafasi moja ya msaidizi katika maabara yake, kwa miaka miwili. Alichotaka ni kukaa asubuhi nzima mbele ya kioo, awaone wazazi wawili wa samaki wakipokezana zamu ya kulinda vifaranga vyao. Kwa sasa samaki walikuwa wamejificha chini ya jiwe, nayo gari ya chuo ilikuwa ikimngoja. Atarudi kesho saa tatu.

Kavugho alikuwa na diploma ya biolojia kwa mwaka wa tatu sasa, akiuza vitenge dukani kwa tantine. Kwa siku arobaini alikuwa ameandika katika daftari kila zamu ya wale samaki, wenye kinundu kwenye paji la uso kama mtu aliyejigonga mlangoni. Alimsindikiza mgeni hadi kwenye gari, akarudi ndani akitabasamu, akainama kuwaangalia.

Sponji ilikuwa nyeupe.

"Tantine, ni nani aligusa hii?"

"Ni mimi. Niliisukula na Javel, mara mbili. Ile uchafu yote ilitoka, ona, iko sasa kama mukate." Tantine alikuwa akisubiri kushukuriwa.

Kavugho aliketi sakafuni. Ule uchafu ndio uliokuwa ukiwaweka samaki hai. Katika utelezi ule waliishi vijidudu wasioonekana kwa macho, wanaokula sumu ya mavi ya samaki, na ilimchukua wiki sita kuwakuza. Kila baada ya wiki mbili aliikamua sponji mara tatu tu, taratibu, ndani ya beseni lenye maji ya akwariamu yenyewe, kisha akairudisha ikiwa bado ya kahawia. Lakini hakuwahi kumweleza tantine kwa nini. Alimwambia tu asiguse. Alidhani hataelewa, na sasa, akiitazama mikono ya tantine iliyochubuka kwa Javel, ile dawa kali ya kung'arishia nguo, aliona haya kwa dhana hiyo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Alimweleza hapo hapo, kwa maneno machache. Tantine alielewa mara moja. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

Vifaranga vilikuwa vimeanza kupanda juu, vinafungua midomo kwenye uso wa maji. Kavugho aliitoa ile sponji, bado ikinuka Javel, na kukimbilia pipa la mvua. Lilikuwa tupu. Maji ya bomba yalinuka dawa siku hiyo kuliko siku zote. Alimpigia Papy, mwenzake wa chuo aliyefuga tilapia, amwazime sponji ya zamani yenye uhai wake. Papy akasema alikwisha kuvunja tangi lake mwezi uliopita. Basi wakachota kisimani kwa Mama Florentine, jirani yao, ndoo baada ya ndoo, tantine akiwa mbele na kitenge amekifunga magotini. Wakatoa maji ya zamani, wakatia mapya kikombe kwa kikombe. Mpira wa pampu hakuupata sokoni, kwa hiyo Kavugho alipiga hewa kwa mkono, kwa pampu ya baiskeli, hadi bega likafa ganzi.

Kwa muda kidogo ilionekana kusaidia. Saa kumi vifaranga vikaanza kuanguka chini, kimoja kimoja, kama punje za mchele. Dume alivichukua mdomoni na kuvirudisha chini ya jiwe, vile vilivyokufa pamoja na vilivyo hai, na matamvua yake yalikuwa mekundu.

Hapo ndipo Kavugho alipomkumbuka Papa Osée. Mvuvi huyo wa Yanonge ndiye aliyempa samaki hawa, kutoka shimo la maji lililokuwa likikauka katikati ya miamba. Katika familia yao hawamtoi majini samaki aliyelalia watoto. Alikubali mara hii moja kwa sababu shimo lingekauka, na kwa sharti moja: wakianza kutafuta hewa juu, awarudishe mtoni, wote pamoja, popote pale, asiwaache wafie kwenye kioo. Kavugho aliahidi. Ilikuwa rahisi kuahidi siku ile.

Alimpigia Madame Julie akamwambia yote. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole, na hilo lilimuumiza zaidi. Madame alisema daftari ni zuri, lakini bila kuwaona samaki wakiwa hai hawezi kuliandika jina la Kavugho kwenye nafasi ile. Yupo mwombaji mwingine, na ndege ni kesho jioni.

"Bon, sikiliza," tantine alisema Kavugho alipokata simu. "Hawa wakubwa wawili wako na nguvu. Watafika kesho. Madame aone, halafu uwapeleke. Watoto peleka leo."

"Watoto bila wazazi wataliwa kabla ya giza, tantine."

"Na weye? Nani atakulinda weye?"

Tantine alisema kweli: wale wawili huenda wangefika asubuhi, wakihema. Kavugho alilitazama daftari juu ya meza, akalia kidogo bila kujificha, kisha akachukua beseni kubwa.

Walikwenda kwa pikipiki, tantine akiwa nyuma amelipakata beseni kama mtoto mchanga, maji yakimwagikia kitenge chake cha kupokelea wageni. Ufukweni wapiga makasia walikuwa wakifunga pirogi zao, na mmoja akawatania.

"Mademoiselle, watu wote wanatosha samaki mu mayi, weye unarudisha? Mulikosana nao?"

"Waache," tantine alimjibu. "Wanarudi kwabo."

Kavugho aliingia mtoni mpaka mapajani, penye mawe. Hakumwaga mara moja. Alichota maji ya mto kwa kikombe, akatia kwenye beseni, akangoja, akatia tena, ili wasishtuke, ingawa jua lilikuwa likizama. Alihesabu vifaranga kumi na tisa. Asubuhi vilikuwa sitini.

Kisha tantine akashika upande mmoja wa beseni, Kavugho upande mwingine, wakaliinamisha. Jike alitoka kwanza, akaingia chini ya jiwe. Vifaranga vikamfuata kwa kundi. Dume alibaki ukingoni mwa beseni, akikisubiri kifaranga kimoja kilichochelewa, nao Kavugho na tantine wakasimama vile vile, wameinama, migongo inauma, hadi wote walipotoka.