Swali la Watoto

Nzilani hakuwa mwoga wa vitu vinavyoeleweka. Alikuwa nesi katika kliniki moja ya Thika, ameshona vichwa vilivyopasuliwa kwa chupa, na nyoka aliyeingia jikoni kwake huko Mugutha alimuua kwa mwiko wa ugali, kisha akaendelea kupika. Lakini mwaka huo wa tisini na saba alikuwa akiogopa sentensi moja fupi ya Kifaransa, ambayo hata mtoto wa nasari angeisema.

Mambo yalianza pale kiwanda cha nguo kilipofungwa na Muasya, mumewe, akabaki nyumbani. Miaka miwili alitafuta kazi hadi soli za viatu zikamchoka. Ndipo waliposikia kwamba Quebec, kule Kanada, wanachukua manesi, mradi wajue Kifaransa. Wakajaza fomu. Jibu lilipokuja lilisema mhoji angempigia Nzilani simu kliniki, Jumatatu ya tarehe kumi na tisa Mei, saa nne asubuhi, amuulize habari zake kwa Kifaransa. Akishindwa kujibu, faili lingefungwa, na hakuna kurudia.

Mwalimu wake alikuwa Bi Ruqayya, mama wa Kingazija aliyeuza vitenge sokoni Kimbo. Yeye Kifaransa alikisoma kwao Moroni kwa viboko, na alikifundisha vivyo hivyo, ila badala ya kiboko alitumia ulimi. Kila jioni Nzilani aliketi kati ya marobota ya vitenge akijibu maswali. Baada ya miezi mitano aliweza kueleza kazi yake, hali ya hewa, hata jinsi ya kumtuliza mgonjwa mkorofi. Kila walipofika kwenye swali la watoto, ana wangapi, alijibu kwamba Mungu amemjalia.

"Hilo si jibu," Bi Ruqayya alikuwa akisema. "Hiyo ni dua."

Hapa inanibidi niwaeleze. Kwao Nzilani mtoto hahesabiwi. Utahesabu mbuzi, utahesabu magunia ya mahindi, lakini mtoto unamtaja kwa jina lake na kuishia hapo. Anayewahesabu wanawe anakionyesha kifo pa kuchagua. Mwaka wa themanini na tisa watu wa sensa walifika kwa dada yake, Mbula, kule Theta, na Mbula kwa adabu zake akawahesabu wanawe kwa vidole na kwa sauti. Siku ya tisa surua ikamchukua wa katikati. Nzilani alijua surua huletwa na virusi, na virusi havijui hesabu. Aliwaambia hivyo waombolezaji, tena kwa ukali. Alilijua hilo kichwani. Tumboni alijua jingine. Kwenye fomu, ile namba aliiandika Muasya, mkewe akiwa ametazama ukutani. Nami sitaitaja hapa. Tukubaliane tu kwamba walikuwa watoto wa kutosha.

Siku kumi kabla ya simu, Bi Ruqayya alichoka. "Mama Mwende, nisikize," akamwambia. "Kifo cha Mugutha hakijui Kifaransa. Sema tu, mwanangu, utoe mkosi."

Nzilani akacheka, na katika kucheka kule akaisema. Sentensi ikatoka nzima, na namba yake ndani.

Alipofika nyumbani alimkuta Mutheu, kitinda mimba, amelazwa kwenye kochi, mwili unachoma kama kifuniko cha sufuria. Kabla hajavua viatu, mtoto akashikwa na degedege. Kumbe kifo nacho kilikuwa kimepita shule.

Daktari wa kliniki alisema ni koo, akatoa dawa, na siku ya tatu Mutheu akaomba chai. Mama mtu hakutulia. Aliogopa mchana kutwa, aliogopa akidunga wengine sindano, na aliporudi kwa Bi Ruqayya ilikuwa ni kumwarifu kwamba neno lile halitamtoka tena mdomoni. Bi Ruqayya safari hii hakutania. Alimwambia swali hilo lazima lije, maana hao watu hawawezi kutoa visa bila kujua ni za wangapi, na akinyamaza mhoji atadhani hakuelewa. Muasya naye alimbembeleza wikendi nzima. Alisema ni neno moja tu, na kwamba mwanamume akikaa nyumbani miaka miwili hugeuka kuwa fanicha.

Jumatatu, Wangeci, matroni wa kliniki, alimwachia ofisi yake na kufunga mlango. Simu ililia saa nne kamili. Upande wa pili alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole. Aliuliza kuhusu kazi, akajibiwa. Aliuliza kuhusu baridi ya Kanada, akajibiwa vizuri zaidi. Kisha akauliza ana watoto wangapi.

Nzilani akatazama ukutani. Mhoji akarudia polepole, kama anayesema na kiziwi. Nzilani akaanza kuwataja: Mwende mkubwa anayependa hesabu, Kioko anayefungua kila redio anayoiona, akaenda hivyo hadi Mutheu aliyekuwa mgonjwa majuzi. Mhoji akamshukuru, akasema ni vizuri sana, lakini jumla yao?

Kifaransa cha kukariri kilikuwa kimeisha. Kilichofuata hakufundishwa na mtu.

"Bwana, kwetu watoto hatuwahesabu," akasema. "Dada yangu aliwahesabu, akazika mmoja. Mimi niliwahesabu mara moja tu, mmoja akashikwa na degedege. Ninaogopa. Ukitaka kunifelisha, nifelishe."

Kisha yule bwana akacheka, cheko la wema mtupu. Alisema hajapata kusikia mtu akikataa kujibu kwa Kifaransa kizuri namna hiyo, amefaulu. Tena asihangaike, majina ameyaandika, atawahesabu mwenyewe. Nzilani kabla hajamzuia, akamsikia ameanza, moja, mbili, mpaka wa mwisho, kisha jumla, kwa sauti safi, na pongezi juu yake.

Nzilani aliacha simu inaning'inia, akatoka mbio na sare yake, akadandia matatu ya Mugutha. Wangeci alidhani ameanguka mtihani.

Uani kwake aliwakuta wote, maana kwa hofu hakuwaruhusu kwenda shule siku hiyo, wote isipokuwa Mutheu. Aliita jina lake akizunguka nyumba. Akamkuta kwa jirani, Mama Gathogo, anakula githeri kwenye kifuniko cha jagi. Alimshika paji la uso, kwapa, tumbo. Mtoto alikuwa baridi, mzima, na aliudhika kukatizwa. Nzilani akaketi chini kwenye vumbi la watu, akalia.

Muasya alipofika na kuuliza, aliitikia kwa kichwa tu. Mume akaruka. Akaanza kusimulia mbele ya jirani jinsi itakavyokuwa: mlangoni mwa ndege watakaguliwa, uwanja wa ndege wa kule wataandikishwa, shuleni wataandikishwa, hospitalini pia. Nzilani akamsikiliza na hofu ikampanda upya. Huko walikokuwa wakiomba kwenda, kila mtu atakayewapokea atawahesabu, kwa tabasamu na kalamu, wala hatakuwa na nia mbaya.

"Yaani sisi jumla tutakuwa watu..." Muasya akasema, akiinua vidole.

Nzilani akasimama, akamziba mdomo kwa kiganja, akakiweka hapo mpaka mumewe alipoacha kucheka.