Jiko la Kimo cha Kiuno

Kasiani alikuwa amelala chali chini ya jukwaa la zege, mguu mmoja umetokeza nje, akipaka maji ya sabuni kwenye maungio ya bomba la gesi. Gaudiosa alichuchumaa kando yake akiwa na ndoo, macho hayabanduki kwenye bomba. Fundi alikuwa amemweleza kwamba povu likivimba lenyewe, gesi inavuja, na tangu asubuhi alikuwa akiona uvimbe kila mahali.

"Hapo limevimba," alisema.

"Hiyo pumzi yangu, mama. Hebu nisogezee spana."

Alimsogezea. Jikoni mule kila kitu kilinukia upya. Kuta zilikuwa zimepigwa taili nyeupe hadi darini, sinki mbili za chuma zilikuwa zimefungwa chini ya dirisha, na juu ya majiko feni ya kutolea moshi ilining'inia na nailoni yake, maana Gaudiosa alikataa isitolewe mpaka bwana afya aione. Kupitia kioo cha mbele ulionekana uwanja ambao mabasi ya Iringa na Mbeya yangeegesha. Yangeegesha kama kibali kingetoka leo. Msimamizi wa mabasi alishasema wazi: jiko lisilo na kibali abiria wake hawali, na zipo hoteli nyingine mbele.

Kwenye ndoo iliyogeuzwa, pembeni ya mlango, aliketi dada Tumwagile akichekecha unga. Kwa miaka yote ambayo Gaudiosa alipika chakula cha abiria hapa Mikumi, ugali ulikuwa mkononi mwa Tumwagile. Gaudiosa alikaanga, akaunga mboga, akapokea hela, akatukanana na makondakta pale ilipobidi. Ugali haukuwa wake. Tumwagile alizaliwa Kilosa, babu yake alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge, na katika ukoo mzima hakuna aliyerefuka. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mpana, mwenye mabega ya kubeba gunia. Sufuria ilikaa chini juu ya mafiga, yeye akasimama juu yake, akaibana kwa mti alioukanyaga kwa mguu, akashusha mwiko kwa uzito wa mgongo mzima. Madereva walikuwa wakishuka mapema ili wamwone akigeuza.

Kisha watu wa barabara wakapita na rangi nyekundu, banda lao la kupikia likapigwa alama, na wiki haikupita banda likawa mabati yaliyokunjwa. Tangazo jingine likafuata: anayelisha watu wengi aachane na kuni, ajenge jiko la kisasa. Gaudiosa aliuza shamba la mpunga aliloachiwa na marehemu mumewe kule Kilangali. Aliuza kwa mtu aliyejua kwamba yeye ana haraka, na unajua mwenyewe bei ya mtu mwenye haraka. Kila alipokwenda dukani saruji ilikuwa imepanda, na kila ilipopanda muuza duka aliinua mabega kama vile imejipandisha.

"Jiko letu, dada," alikuwa akimwambia Tumwagile kila tofali lilipolala. "Sasa tutapika kama watu."

Na Tumwagile alikuwa akicheka. "Kwani zamani tulikuwa tunapika kama nini, Mama Angela?"

Pikipiki ya bwana afya iliingia uwanjani. Optatus alikuwa kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni, mwenye adabu zake zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, karibu sana."

"Shikamoo, bibi," alimwambia Tumwagile, ambaye aliitikia huku akikunja uso, maana alimzidi Gaudiosa miaka michache tu.

Optatus alianza kazi. Alimwaga ndoo ya maji sakafuni akatazama yanakimbilia wapi. Yakaenda kwenye tundu lake bila kutuama. Alifungua bomba za sinki. Aliinama akachungulia chemba ya kunasia mafuta. Gaudiosa aliivua feni nailoni yake kwa fahari ya mama anayemfunua mwari, naye Optatus akaiwasha, ikavuma. Kasiani alitoka chini ya zege akijifuta, akasema gesi haivuji, aje aone mwenyewe.

"Hongera, mama," alisema Optatus. "Mpaka Morogoro wataliona hili. Sasa nione likifanya kazi. Pikeni kama mtakavyowapikia watu."

Gaudiosa alimtazama Tumwagile, kisha akalitazama lile jukwaa la zege. Alijua. Tangu zege lilipomwagwa alijua, akajisemesha kwamba dada atazoea, kwamba mikono inajifunza, kwamba Mungu ni mkubwa. Mwanadamu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Waliinua sufuria kubwa, ile ya kulisha basi zima, yeye na Kasiani, wakaitua juu ya jiko la gesi lililokaa juu ya zege. Moto ukawaka, wa buluu, bila moshi wala majivu. Maji yakachemka upesi kuliko walivyowahi kuona. Tumwagile alikoroga uji, akaongeza unga, akajifunga kanga kiunoni vizuri. Ukingo wa sufuria ulimfika kifuani.

Alipoutumbukiza mwiko, ulimpita kichwa. Viwiko vilipanda juu ya masikio. Alisukuma, ugali ukasogea kidogo, akasukuma tena, mvuke ukampiga usoni akageuza kichwa pembeni kama mtu anayepigwa. Hakuwa na pa kukanyagia ule mti wa kubania. Sufuria ilianza kuzunguka juu ya chuma.

"Nipeni kreti," alisema.

Kasiani alileta kreti la soda. Tumwagile akapanda, na kwa kitambo ikaonekana itawezekana. Mgongo ulipata nafasi yake, mwiko ukashuka, ugali ukaanza kushikana. Gaudiosa aliachia pumzi. Mara kreti likateleza juu ya zile taili mpya, Tumwagile akashika ukingo wa sufuria ili asianguke, na ugali mbichi ukamrukia mkononi. Kasiani aliwahi kuidaka sufuria kwa tambara. Tumwagile hakupiga kelele. Alikwenda kwenye sinki, akafungua maji, akaweka mkono chini yake.

"Hapana, bibi, hapana," Optatus alisema, na kwa kweli aliogopa. "Hakuna kupanda kreti. Hiyo ni ajali."

"Tutavunja zege," Gaudiosa alisema haraka. "Kasiani, si tunaweza kulishusha? Upande huu mmoja tu, wa ugali."

"Kesho hii hii," alijibu Kasiani. "Nyundo ninayo."

Optatus alitikisa kichwa. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio uliochosha. Ramani iliyopitishwa ni hii. Ukivunja, inakuwa jiko jingine, linataka ramani nyingine, irudi kwa mchoraji, ipande ofisini, isubiri kikao. Kikao kinakaa kinapokaa. Halafu moto wa chini yeye hawezi kuupitisha, mavumbi, watoto, kuku. "Ningekuwa na uwezo, mama, ningekusaidia. Lakini jiko lenyewe halina kasoro. Tafuta tu kijana mrefu asonge."

"Dada huyu ndiye anayesonga," Gaudiosa alisema. "Watu wanamfuata yeye."

"Sawa, lakini mama," Optatus alisema, akionekana kushangaa, "si Lucas alikuuliza? Siku ile nilipokupeleka kwake. Alikuuliza mbele yangu, mnapikia chini au mezani. Ukasema mezani."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye sinki.

Alikuwa ameulizwa, ndiyo. Ilikuwa Kilosa mjini, mtaa wa Magomeni, kwenye ofisi ya Lucas mchora ramani, ambaye Optatus alisema michoro yake haijawahi kurudishwa, na kila mtu alielewa kwa nini haijawahi kurudishwa. Ofisi ilikuwa na kiyoyozi. Wateja wengine wawili walikaa kwenye sofa, mmoja mwenye viatu vya kung'aa. Lucas hakuuliza kwa ubaya. Aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta, akatabasamu, akasema, "Mnapikaje, mama? Bado mnainamia mafiga chini?" Na yule mwenye viatu akacheka kidogo puani. Gaudiosa alitazama miguu yake mwenyewe, nyufa za visigino zimejaa majivu yasiyotoka hata kwa jiwe, akaivuta chini ya kiti. "Aah, wapi!" alijibu. "Sisi tunapika mezani siku nyingi." Lucas akaandika, na neno likawa zege.

Sasa Tumwagile alikuwa amefunga bomba. Alijifuta mkono kwa pindo la kanga, taratibu, akikwepa palipoungua.

"Ulisema mezani," alisema.

"Dada, nilidhani..."

"Hapana, nakuuliza tu. Ulisema mezani?"

"Nilisema."

Tumwagile aliitikia kwa kichwa. Optatus, ambaye hakuwa mtu mbaya, aligundua amekanyaga mahali asipopajua, akatoka kidogo kwenda kuangalia choo cha wateja. Aliporudi alisema kwamba ugali si lazima, cha muhimu ni kuona kitu chochote kikiiva. Gaudiosa akakata viazi. Alikaanga chipsi mayai, zikatoka za dhahabu, haraka, bila moshi, na Optatus akazila zote akiwa amesimama, akasema hii ndiyo biashara ya sasa, vijana wote wanataka chipsi. Akaomba amfungie na za mke wake. Kisha akagonga muhuri kwenye kibali juu ya kaunta mpya, akakikabidhi kwa mikono miwili.

"Jiko limepita, mama."

Pikipiki iliondoka. Kasiani alikusanya spana zake akasema atapita kesho, hakutaka kuwatazama.

Ugali ulikuwa umegandia sufuriani, nusu uji nusu mabonge. Gaudiosa alisimama mbele yake akiwa na kibali mkononi, na furaha aliyoisubiri mwaka mzima haikuja. Kilichokuja ni aibu, ya moto kuliko ile ya Magomeni.

"Dada, sikiliza," alisema kwa sauti ya chini ingawa walikuwa wawili tu. "Nimepata wazo. Kule nyuma, kati ya choo na ukuta, pana nafasi. Tunaweka mafiga yetu, tunazungushia mabati. Unasonga kule, mimi napitisha ugali kwa mlango wa nyuma. Bwana afya akija, tunafunika. Wengi wanafanya hivyo. Hata zile hoteli kubwa, unafikiri ugali wao unatoka mezani?"

Tumwagile alikuwa akikung'uta unga kwenye chekeche. Alilikung'uta mpaka likawa safi.

"Mimi nimepika barabarani," alisema. "Mabasi yakiniona. Dereva akipiga honi ananipigia mimi. Leo, na mvi hizi, nikajifiche nyuma ya choo nikisonga ugali kama mtu anayepika gongo?"

"Ni kwa muda tu, dada. Mpaka ramani nyingine."

"Na wakikuuliza nani anasonga, utawaambia nini?"

Gaudiosa alifungua mdomo. Alitaka kusema nitawaambia ni wewe, dada yangu, nitalitaja jina lako. Lakini alikuwa na kibali mkononi chenye masharti yake, na shamba lililokwenda halirudi, na wote wawili walijua angejibu nini mtu mwenye kalamu mbili akimuuliza. Alichelewa kidogo tu. Kule kuchelewa kulitosha.

"Si umeona," Tumwagile alisema, bila hasira. Ingekuwa heri angekuwa na hasira. "Mama Angela, mimi serikali siilaumu, hainijui. Banda walivunja, sikulia. Ila wewe ulinionea haya."

"Nilijionea haya mwenyewe, dada. Wallahi, si wewe. Miguu yangu."

"Hata yangu ni hiyo hiyo."

Alichukua ndala zake mlangoni, kwa kuwa walikuwa wamekubaliana kutoingia na ndala kwenye taili. Akazivaa. Alisema atakwenda Kilosa kwa mdogo wake kwanza, mkono ukipoa ataona. Alisema unga uliobaki usiachwe wazi, panya hawajui jengo jipya. Gaudiosa alimsindikiza mpaka ukingoni mwa lami, akamshikilia mkono ule mzima. Gari ya Kilosa ikaja, ikambeba.

Jioni basi la kwanza liliingia uwanjani, msimamizi akishuka mbele na kukagua kibali ukutani kabla ya kuruhusu abiria. Walimiminika, wakashangaa, wengine wakapiga picha zile kuta. Dereva aliingia mwisho, akinyoosha mgongo. Huyu alikuwa Bonifas, mtu wa njia ya Mbeya, aliyekuwa akila kwao tangu akiwa utingo.

"Eeh, Mama Angela! Hongera! Huku ni Ulaya sasa." Alinawa kwenye sinki akifurahia maji yanayotiririka, akavuta kiti. "Niletee ugali, dagaa na mchicha. Mwambie dada aukaze, nina safari ndefu."

"Ugali hakuna, Bonifas. Kuna chipsi."

Bonifas alicheka akidhani ni utani. Halafu akamtazama usoni. Akatazama majiko ya chuma juu ya zege, moto wa buluu, feni inayovuma, akatafuta kwa macho huku na huku, hadi mlango wa nyuma.

"Jiko zuri hivi, halafu ugali hakuna?"

"Limepitishwa," Gaudiosa alijibu, na akamwaga viazi kwenye mafuta.