Waliokwenda Matola Kumchukua Mina

Siku Abílio alipomwondoa dada yake hospitalini, Zulmira alikuwa ametoka kumnunulia supu. Aliporudi wodini na kibakuli chake mkononi, alikuta kitanda kimetandikwa upya na mwanamke mwingine amekikalia, anachana nywele.

"Aliyekuwa hapa yuko wapi?"

"Ametolewa. Kaka yake kaja na gari."

Zulmira akasimama pale pale, supu inapoa. Akampigia Mina. Simu ilikuwa imezimwa. Akampigia Abílio.

"Dada yangu yuko kwa watu wake," Abílio akasema. "Na wewe pumzika sasa. Vitu vyake nitatuma vijana waje wavichukue."

Akakata.

Felismina, ambaye kila mtu alimwita Mina, alikuwa akifundisha watoto wa darasa la pili. Zulmira alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi katika nyumba ya ghorofa ya pili, mtaa wa Malhangalene, kitanda kimoja na sufuria moja, na majirani wakijua kwamba ni mabinamu. Jambo hilo lilikuwa limewafaa mpaka kidole tumbo cha Mina kilipopasuka. Dirishani pa hospitali waliuliza, "Wewe nani wake?" na Zulmira akatoa jibu lake la siku zote: "Binamu." Tangu hapo daktari hakuzungumza naye tena. Alizungumza na kaka wa damu.

Siku hiyo ya supu Zulmira alikuwa bado amekaa kwenye benchi la nje, hajui aelekee wapi, muuguzi mmoja alipokuja akaketi kando yake.

"Mana, dada yangu, hebu nipe simu yako."

Kabla Zulmira hajauliza ya nini, muuguzi alikwisha kuingiza namba na kuiandika jina la Fundi wa Friji.

"Piga hapo. Kuna watu wanasaidia wanawake kama nyinyi."

"Kama sisi kina nani?"

Muuguzi akamtazama kidogo, akainuka. "Haya, mana. Mimi sijasema kitu."

Njia nzima kurudi nyumbani Zulmira aliwaza juu ya muuguzi yule. Amejuaje? Nani kamtuma? Kama Abílio alitaka ushahidi wa kumpelekea mkuu wa shule ya Mina au mwenye nyumba, si angefanya hivi hivi, amtafute mtu mwenye sura ya huruma? Ni kweli kwamba nchini kwao sheria ilikuwa imeacha kuwafunga watu kwa ajili ya mapenzi yao. Lakini sheria haikai ngazini na majirani. Hortêncio, rafiki yao mshona suti, aliwahi kuitwa na kijana mpole wa kwenye simu, akaenda na chupa ya mvinyo mkononi, akakuta wanaume wanne wanamsubiri na kamera. Video ilizunguka mpaka kwa wateja wake. Hortêncio alihamia mbali, na hata salamu hakuleta tena.

Kwa hiyo namba ya Fundi wa Friji ililala simuni bila kuguswa. Ila vijana wa Abílio walikuja kweli, wakagonga mlango kwa viganja wakidai nguo za Mina. Zulmira hakufungua. Aliegemea mlango kwa ndani, akiporomoshewa matusi, na walipoondoka akanunua laini mpya ya simu na kupiga.

"Nani?" ikaitika sauti ya mwanamke.

"Rosa."

"Rosa nani?"

"Rosa tu."

"Haya, Rosa Tu. Nani kakupa namba?"

"Kwanza wewe ni nani?"

Mwanamke akanyamaza kidogo, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Niite Lurdes."

Zulmira alijua papo hapo kwamba ni jina la kuokota. Lakini hata lake lilikuwa hivyo hivyo, akaona hana pa kusimama amlaumu mwenzake. Akaeleza kwa maneno machache. Lurdes akamwambia aje sokoni, upande wa wauza maua, kesho yake asubuhi.

Alikwenda akiwa na kichupa cha pilipili ya maji ndani ya mkoba. Alipofika kwenye maua, simu ikalia: asisubiri hapo, aende bustanini. Alipofika bustanini, ikalia tena: aende Alto Maé, kwenye duka la mawigi lenye mlango wa kijani. Watu wema hawamzungushi mtu mjini kama mwizi. Na kulikuwa na mwanamume mwenye kofia ya buluu. Alimwona kwenye maua akinusa mawaridi asiyoyanunua, akamwona bustanini akila bajia, na sasa yuko nyuma yake njia ile ile.

Zulmira akageuka ghafla, kichupa mkononi. "Unanifuata unataka nini?"

"Taratibu, mana! Naitwa Baltazar. Nimetumwa nitazame kama umekuja peke yako."

"Nilikuwa karibu kukumwagia pilipili ya macho."

"Nimeona. Ndiyo maana nimesimama mbali."

Nyuma ya duka la mawigi kulikuwa na chumba chenye viti vya plastiki na rafu ya vichwa vya sanamu, vingine na nywele, vingine vipara. Watu kama sita hivi walikuwa wamekaa. Lurdes alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, wakili. Na kando yake aliketi bibi mmoja amevaa blauzi nyeupe na kapulana, kitenge cha umoja wa wanawake wa kanisa. Kanisa analosali Abílio. Ile ile rangi, ile ile nembo.

Zulmira akarudi nyuma hatua mbili. "Huyu anafanya nini hapa?"

"Naitwa Laurinda," bibi akajibu mwenyewe. "Mwanangu anaishi na mwanamume mwenzake. Nilimfukuza nyumbani. Sasa nakuja hapa."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Jibu hilo halikumtuliza hata chembe. Wala wao hawakuwa wametulia. Walimhoji kwa zamu: anaishi wapi, Mina anafundisha wapi, nani anawajua. Kisha kijana wa kike aliyekaa pembeni akasema, "Tuonyeshe picha yenu."

"Sina."

"Miaka yote hiyo? Hata moja?"

"Mimi ndiye niliyekataza. Picha huzunguka."

Wakatazamana. Baltazar akavua kofia, akasema kwa upole kwamba mwaka uliopita alikuja mtu akilia, na kisa cha kusikitisha kuliko hiki, wakampa chai. Wiki ile ile sura zao zikawa kwenye simu za watu. Kijana huyu wa kike alipoteza kazi ya benki.

"Kwa hiyo tutakuomba utoke kidogo," Lurdes akasema. "Tuzungumze."

Akatoka, akakaa dukani kati ya mawigi, akiwasikia wananong'ona. Mwanzo aliwaza kuondoka. Wakati huu wote alikuwa amejiuliza kama wao ni wa kuaminika, haikumpitia kabisa akilini kwamba kuna watakaomwogopa yeye. Ikamchoma, halafu ikampandisha hasira. Akasukuma mlango bila kubisha.

"Msiniamini! Na mimi siwaamini, hata mmoja wenu. Huyu bibi ndiyo kabisa. Lakini Mina yuko Matola kwa kaka yake, na mshono tumboni, simu kanyang'anywa, na hajui kama ninamtafuta. Nendeni mkamwambie tu kwamba ninamtafuta. Basi. Halafu mnifukuze. Na siitwi Rosa, naitwa Zulmira."

Lurdes akavua miwani, akaifuta.

"Hilo nalijua. Ulipamba harusi ya mpwa wangu. Ile ya vitambaa vya zambarau. Uligombana na mpishi mpaka keki ikataka kuanguka."

"Mpishi alikuwa mwizi."

"Alikuwa mwizi kweli," Lurdes akakubali, na mtu mmoja akacheka. Chumba kikalegea kidogo. "Sasa sikiliza. Mina ni mtu mzima. Kaka yake hana haki ya kumweka mahali asipotaka. Ila lazima aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba anataka kuondoka. Akisema anataka kubaki, tutamwacha. Umenielewa?"

Zulmira alielewa. Lakini neno lile, akisema anataka kubaki, liliingia likakaa. Mpaka siku hiyo alikuwa amewashuku wote isipokuwa Mina.

Walikwenda Jumamosi mchana. Baltazar aliendesha gari, Lurdes na Bibi Laurinda walikaa mbele na nyuma, wote wawili wamevaa kapulana za umoja, Lurdes akiwa ameazima yake na imembana. Njia ya Matola, Baltazar alikata kona ambayo Zulmira hakuijua.

"Njia si hii."

"Kule wanachimba mabomba."

"Mbona sisikii wanaochimba?"

"Mana, leo Jumamosi," Baltazar akasema, na Bibi Laurinda akaguna kicheko.

Waliegesha mbali kidogo na nyumba ya Abílio. Wanawake wawili wakashuka, Bibi Laurinda akaanzisha wimbo wa kuombea wagonjwa, na Lurdes akaitikia akikosea maneno. Geti likafunguliwa. Wakaingia. Wimbo ukasikika ndani, ubeti mmoja, wa pili, halafu ukakatika.

Zulmira aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Hakuna sauti. Pazia la sebuleni likasogea. Abílio akatoka barazani, simu sikioni, anatazama barabara juu na chini.

"Wametuuza," Zulmira akasema. "Yule bibi ni wa kanisa lake. Nilisema."

"Tulia kwanza."

"Anaita watu, huoni?"

"Zulmira, tumekubaliana ukae ndani ya gari."

Lakini alikwisha kufungua mlango. Maisha yake yote alikuwa amepita kando ya watu, na sasa alitembea katikati ya barabara ya mchanga, jua utosini, mpaka getini kwa Abílio, akashika vyuma.

"Mina! Mina, ni mimi! Nimekuja!"

Jirani aliyekuwa anafua akasimamisha mikono ndani ya beseni. Abílio akashuka ngazi.

"Nani kakuita hapa?"

"Nimemfuata Mina."

"Wewe nani wake? Eh? Waambie watu hapa, wewe nani wake?"

Akamwona jirani, akaona na wengine wamechungulia juu ya ukuta.

"Naishi naye," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Naishi naye. Ni mwenzangu wa maisha."

"Humwonei haya Mungu!" Abílio akasema, lakini alisema akitazama ukutani kwa majirani, si kwa Zulmira.

Nyuma yake mlango ukafunguka. Mina alitoka polepole, mkono mmoja tumboni, mwingine begani kwa Bibi Laurinda. Amekonda. Kumbe kimya chote kile alikuwa anavaa nguo, na mtu mwenye mshono havai haraka. Abílio naye alikuwa anampigia mchungaji kuuliza kama ni kweli kawatuma wanawake wa maombi, na mchungaji hakupokea.

"Abílio," Mina akasema. "Mimi naondoka."

"Bado unaumwa."

"Naumwa, sijawa mtoto. Nakwenda kwangu."

"Ukipita geti hilo, usirudi."

Mina alisimama kidogo. "Nisalimie watoto," akasema, akaendelea kutembea.

Mke wa Abílio, Judite, alikuja nyuma yao mbio na mfuko wa plastiki. Hakumtazama mumewe. Akampa Mina mfuko: dawa, na simu juu yake. Akarudi ndani bila neno.

Garini, Mina aliegemea dirisha, macho amefumba. Zulmira alimshika mkono, na Mina hakuutoa, lakini hakuukaza pia. Walikuwa wamekwisha kutoka Matola aliponong'ona.

"Pale dirishani hospitali nilikusikia. 'Binamu.' Nilikuwa nakufa kwa maumivu lakini nilikusikia."

"Niliogopa."

"Najua. Kule kwa Abílio nikawa nawaza, labda ameona nafuu. Labda amepata kupumzika na mimi."

"Na mimi niliwaza utasema unabaki."

Mina akafumbua macho. "Pale? Na uji wa Judite?" Akataka kucheka, mshono ukamvuta, akakunja uso. "Usinichekeshe. Bado nina hasira na wewe."

Hasira hiyo ilidumu. Mina alipona tumbo kabla hajapona lile neno, na Zulmira hakumharakisha. Lurdes aliwaandalia mambo yao kisheria, ili siku mmoja akiugua tena, mwenzake ndiye aulizwe. Shuleni walinong'ona wakachoka. Abílio hakupiga simu, ila Judite hupiga kwa siri, anauliza kidonda, anakata.

Chumbani nyuma ya mawigi walianza kwenda wote wawili. Mina alizoea upesi, akawa anaongea kuliko wenyeji. Zulmira alikaa karibu na mlango. Baltazar na Lurdes aliwazoea. Ila Bibi Laurinda, Zulmira bado alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni, pamoja na yote bibi huyo aliyowafanyia. Mtu aliyemfukuza mwanawe wa kumzaa, Zulmira alimwambia Mina, unajuaje hatakugeukia?

Jumapili moja bibi alipanda ngazi zao akihema, akakataa kukaa.

"Nimejua mwanangu anapoishi. Nikigonga, hawafungui. Wanadhani nimekuja na watu wa kanisa kumwombea pepo."

"Na umekuja na nani?" Zulmira akauliza.

"Peke yangu. Nataka twende wote, mana. Wewe watakufungulia."

"Unataka nini kwake?"

"Nimwombe radhi."

"Basi? Huna mtu anakusubiri chini?"

"Sina mtu."

Zulmira akaenda dirishani, akachungulia barabara yote, mpaka kwenye miti ya mwisho. Kulikuwa na mbwa tu na mwanamke muuza ndizi. Akachukua mkoba wake nyuma ya mlango.

"Twende," akasema. "Lakini wewe utasimama ngazini. Mimi nitaongea naye kwanza."